Kiti cha Mbele cha Mama Pacha

Fundi wa viti vya magari huingia katika magari mengi kuliko dereva yeyote, tofauti ikiwa moja tu: yake hayaendi popote. Baba Pacha aliifanya kazi hiyo maisha yake yote ya utu uzima, katika chumba cha nyuma ya gereji kilichonuka gundi. Alivivua viti nguo zilizochakaa, akavishonea mpya, akavirudisha mahali pake. Wenye magari wakaenda kutembea. Yeye akafagia vipande vya uzi.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameahidiwa matembezi. Safari ndefu ya mapumziko, kwa gari lao wenyewe, kuvuka nchi mpaka barabara kuu inapokwisha, kulala njiani, kusimama popote watakapopenda. Kwanza walisubiri watoto wakue. Watoto wakakua. Kisha wakasubiri kazi zipungue. Zilipopungua, Mama Pacha akaugua.

Daktari, mtu wa maneno machache, alisema ugonjwa huu haurudi nyuma. Kusafiri ruksa. "Lakini kama mna nia ya kwenda," aliongeza, "nendeni mapema." Baba Pacha akaondoka na ile ruksa, Mama Pacha akaondoka na lile la mapema. Ndivyo ndoa za muda mrefu zilivyo: mnakaa benchi moja, kila mmoja anarudi nyumbani na habari yake.

Kazi ya kutafuta gari ilipewa kaka yake Mama Pacha, dalali wa magari. Kwa dalali huyu hakukuwa na gari bovu duniani, kulikuwa na gari ambalo bado halijapata mtu wake. Kila alasiri alifika getini na jipya, akipiga honi kama anayeleta bibi harusi.

La kwanza lilikuwa jeupe, refu kwenda juu, la matairi makubwa.

"Shemeji, hili linapanda mlima kama mbuzi."

"Na mgonjwa atalipandaje lenyewe? Kwa ngazi?"

"Nitambeba. Si dada yangu?"

"Ulikuwa hunitui hata ndoo ya maji tukiwa watoto," Mama Pacha alisema kutoka barazani. "Leo ndiyo umeota misuli?"

La pili lilikuwa dogo, la chini chini, lisilojua kunywa mafuta. Baba Pacha alikaa kiti cha abiria, akafumba macho, akajisogeza huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akatoka.

"Springi za kiti zimekufa."

"Nani kauliza springi, bwana? Sikiliza injini!"

"Mke wangu hatakalia injini."

Pacha wao walikuwa watu wazima wenye kazi katika miji ya mbali. Walizaliwa siku moja na hawakupata kukubaliana siku yoyote baada ya hapo. Walipiga simu pamoja. Mmoja alitaka gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwingine alitaka basi dogo la kuwekwa kitanda nyuma.

"Kwa hiyo mmoja anataka nipande milima," mama yao alisema, "na mwingine anataka nipelekwe nimelala. Hiyo ya kulala haina haraka, wanangu. Itakuja yenyewe."

 Yeye peke yake ndiye aliyecheka.

Yakaja mengine, yakarudi. Mlango huu mwembamba, sakafu ile ina joto, dirisha hili liko juu mno, mtu aliyekaa ataona mawingu tu. Kila kasoro ilikuwa ya kweli. Lakini gari likiwa halijapatikana, safari bado iko mbele, na mtu mwenye safari mbele yake haondoki duniani hivi hivi. Hakuna aliyemwambia Baba Pacha kwamba ndivyo alivyokuwa akiwaza. Angeambiwa, angekasirika.

"Shemeji," dalali alimwambia siku moja, jasho likimtoka, "hata ulipokuja kumposa dada yangu hukuchunguza hivi."

"Ningechunguza, ningekuona wewe mapema."

Hatimaye likaja gari la kijivu, la buti refu na milango mipana. Kiti chake cha mbele kilikuwa na kimo cha kitanda. Mama Pacha angegeuka tu, akakaa. Baba Pacha alilizunguka asiione kasoro. Dalali akaanza kutabasamu, ikawa mapema mno, kwa sababu shemeji yake alichomoa spana mfukoni.

"Kiti cha mbele nakitoa."

"Si umelikubali gari?"

"Gari nimelikubali. Kiti nakishona upya."

Sasa, Baba Pacha alikuwa na desturi yake ya kazi: hakupata kumpima mteja. Mtu akipimwa, alisema, hunyoosha mgongo, huvuta tumbo, hudanganya mpaka futi inaona haya. Yeye alisoma kiti cha zamani. Na nyumbani, karibu na dirisha, kulikuwa na kochi ambalo Mama Pacha alilikalia tangu pacha wakinyonya. Alilivua kitambaa, akalaza kadibodi laini katika shimo lililochimbwa na miaka, akaikandamiza, akaikata kingo. Akapata umbo zima: paja, nyonga, ule upande wa kushoto aliopenda kuegemea.

"Kochi halisemi uongo," alisema kwa majivuno.

Mama Pacha, ambaye siku hizo alishinda chumbani kitandani, alisikia mkasi. "Unafanya nini huko?"

"Nakuchora."

"Usinikuze masikio."

Kule gereji akapanga sponji ngumu chini na laini juu. Akachonga. Hakuridhika, akachonga nyingine. Kila jioni Mama Pacha aliuliza, "Bado?" naye akajibu, "Kesho." Ikafika jioni ambayo hakuuliza. Mumewe akadhani ni subira.

Siku ya safari Mama Pacha alitoka ameshikwa mkono na kaka yake, amevaa gauni la kutembelea lililokunjwa ubavuni na kubanwa kwa pini. Mlango ukafunguliwa. Akageuka, akakaa.

Kile kiti kilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya yule mzee. Na Mama Pacha alikaa ndani yake kama mtoto aliyekalia kiti cha baba yake. Kila upande wa nyonga ukabaki uwazi wa kupitisha mkono. Tuta lililochongwa kwa ajili ya kiuno likamgusa mbavu. Kochi halikusema uongo. Lilisema ukweli wa mwanamke mnene, aliyecheka mpaka springi zikalia naye, na mwanamke huyo hakuwamo tena katika nyumba hii. Baba Pacha alimwogesha mkewe kila asubuhi kwa mikono yake. Mikono hiyo ilijua. Ilipofika gereji, ikashika mkasi na kunyamaza.

Akatoa spana.

"Siku chache tu. Napunguza hapa na hapa, na huku mgongoni..."

"Baba Pacha."

"Kazi ndogo, sponji ipo..."

"Ukimaliza kukipunguza, na mimi nitakuwa nimepungua. Hatutakutana, mume wangu. Leta mito. Washa gari."

Dalali akakimbilia ndani. Alileta mito ya kitandani, akamkaza dada yake pande zote kama anayepakia vioo, kisha akaenda nyuma ya gari kupiga teke tairi lisilokuwa na tatizo.

Waliondoka. Baba Pacha hakuwa dereva wa maana. Aliogopa malori na kuyaomba radhi mashimo. Jua lilipokuwa utosini, uso wa Mama Pacha ulikuwa umelowa jasho la maumivu, wakasimama kwenye njia panda. Palikuwa na kituo cha mafuta, nyumba ya wageni ya kuta za kijani, na mabasi yaliyosimama kuchukua abiria. Walilala hapo wapate nguvu. Asubuhi Mama Pacha akalitazama gari, akasema, "Tumefika."

"Mama Pacha, hata robo ya njia hatujamaliza."

"Wewe ulitoka kwenda wapi?"

"Kukutembeza."

"Basi nimetembea. Niwekee kiti hapo kivulini."

Likizo yao ikawa hapo, kwenye kiti cha plastiki chenye mito, mbele ya mabasi. Macho yake hayakusoma tena mbali, kwa hiyo mumewe alimsomea vibao vya mabasi.

"Na huko wanakokwenda kukoje?"

"Sijui. Sijafika."

Kisha akakumbuka. "Mteja mmoja alikuwa akitoka huko. Chini ya kiti chake nilikuta majani ya misonobari. Patakuwa na baridi."

"Na lile jekundu?"

"Huko ni mchanga mweupe. Unakung'uta, unakung'uta, hauishi."

"Na lile?"

"Magamba ya samaki. Na hereni moja."

"Ya nani?"

"Hakuuliza mtu. Nadhani mke wake hakuwa na hereni kama ile."

Mama Pacha akacheka, akashika ubavu, akaomba basi jingine. Hivyo ndivyo Baba Pacha alivyompitisha mkewe nchi nzima, mpaka vidonge vikashindwa na maumivu, wakageuza gari.

Dalali aliwakuta getini. Alifungua mlango, akainama kumtoa dada yake.

"Haya, tuambie. Mmefika wapi?"

"Mpaka mwisho," Mama Pacha alisema, amefumba macho.

Dalali akatupa jicho kwenye dashibodi, kwenye namba za kilomita zilizosogea kidogo tu. Mtu aliyeishi kwa kuzirudisha namba hizo nyuma huwa hahitaji kuzitazama mara mbili.

"Naona, dada," akasema. "Gari limetembea sana hili."