Punje Zilizoanikwa kama Mpunga

Wakati wa vita, reli ilipokatika na chaki ikaisha mjini, mwalimu wetu wa masomo ya jioni alituandikia kemia ubaoni kwa muhogo mkavu. Darasa zima tulikuwa na njaa. Kila fomula tuliimezea mate. Siku moja akainua kipande cha makala, mkaa wa kupikia. "Humu mna vitundu vingi," akasema, "mpaka ukivikunjua vyote vinafunika uwanja wa mpira. Hewa ikipita, kuna inayonaswa na kuna inayoendelea na safari." Nilipofika nyumbani kuwasimulia, uwanja ulishakuwa mtaa mzima wa Mikelenge. Makala hayo ndiyo yaliyonifaulisha, na ndiyo yaliyonipa kazi ninayofanya hadi leo: fundi wa mashine katika kituo cha afya.

Mashine yetu ya oksijeni ni moja tu. Inavuta hewa hii hii ya wote, inaipitisha kwenye mitungi miwili iliyojaa punje nyeupe zenye vitundu. Punje zinashika nitrojeni, oksijeni inamwendea mgonjwa. Adui yao ni unyevu. Sasa nani aliyewaza kuleta mjini kwetu Kindu kitu kinachoogopa unyevu? Hapa hata chumvi inatoka jasho. Viatu ukivisahau wiki moja, vinaota uyoga wa kulisha ukoo.

Masika yaliyopita taa ya mashine iliacha kijani ikawa njano: oksijeni imepungua. Nikaomba punje mpya. Nikajibiwa nisubiri. Nikaandika tena. Nisubiri. Nilisubiri mpaka ndevu zikafika kitovuni. Ndipo nikajiambia: unyevu? Sisi wakulima wa mpunga wa Maniema, nani atufundishe kukausha kitu? Nikafungua mitungi, nikatandika mkeka uani, nikaanika punje kama mpunga, nikawa ninazigeuza kwa mguu siku mbili nzima.

Muuguzi mkuu, mama asiyeacha jambo lipite, akasimama mlangoni.

"Fundi, hii mupunga yako inakuliwa na samaki ao na majani ya sombe?"

"Mama, hii njo sayansi."

"Sayansi gani inafukuziwa kuku?"

Kweli nilikuwa na fimbo mkononi.

Niliporudisha punje na kuwasha, taa ikawa nyekundu. Jua letu linatosha mpunga. Vitundu vile vinataka moto wa tanuri, na hewa ya uani ilikuwa imevinywesha maji kuliko mwanzo. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu cha mashine, kitabu nilichokuwa nimekikalia ili nisichafue suruali.

Kesho yake akaletwa yaya yangu, dada mkubwa aliyenilea miaka ya vita, kutoka kijiji cha Tunda kwa pikipiki. Mapafu yamejaa, midomo ina rangi ya majivu. Muuguzi alimvika mrija, akatazama taa, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, huyu iko navuta hewa ya bure."

Nikamimina punje ndani ya sufuria, nikakimbia hadi kwa jirani mmoja anayeoka mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa bado jekundu.

"Mama, nisaidie na hili tanuri."

"Na mikate yangu?"

"Yaya yangu hapumui."

Akatoa mikate mibichi, akaiweka chini.

Nilisimama pale saa nyingi, hasira zangu zikiiva pamoja na punje. Nimesoma kwenye simu kwamba siku hizi wataalamu wanafuma punje za kaboni, jamaa ya plastiki, zenye vitundu vyembamba kuliko wazo, na nyingine maji hazina habari nayo. Ningezianika hata ndani ya mto Lualaba! Lakini ziko maabara, bado zinajaribiwa kwa gesi nyingine. Sisi tuko Kindu, tunajaribiwa na kila kitu.

Zilipoiva, yule mama akaziba mfuniko wa sufuria kwa unga uliokandwa, unyevu usiingie njiani. Nikazirudisha mitungini zikiwa zingali na joto, vidole vikiungua, nikakaza kila skrubu mpaka zikalia.

Taa ikarudi njano. Njano tu! Kijani ilikataa. Muuguzi akapunguza mkondo wa hewa ili oksijeni izidi kidogo ndani yake, tukangoja. Alasiri midomo ya yaya ikaanza kurudi rangi yake, na sauti ikarudi nayo.

"Yaya, ni mimi niliyeharibu mashine."

"Unanipasha habari? Huyu mama muganga alishanielezea yote. Mpaka kuku."

Akacheka, kikohozi kikamkamata, muuguzi akanifokea mimi.

"Usinichekeshe," yaya akasema alipotulia. "Hewa yenyewe iko kidogo. Kaa hapo, mudogo wangu, uangalie taa. Ikibadilika, utapuliza wewe."

Nikakaa. Niliitukana njano ile kimoyomoyo matusi yote niliyojaliwa, huku nikiiomba isiondoke.