Anayesubiri Kwenye Kona

Mtaani walimwita Mama Sindano. Alikuwa mshonaji wa nguo za kazi: maovaroli, aproni, makoti ya wauguzi, nguo ambazo hakuna anayezinunua kwa mapenzi. Cherehani yake ilikaa sebuleni mbele ya dirisha, na kutoka hapo aliuona mlango wa chumba cha kulala, kiti cha mumewe, na vipande vya kitambaa chekundu alivyovibandika sakafuni kati ya mlango na kiti.

Vipande hivyo havikuwa pambo. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa neva, ule unaomkaza mtu viungo taratibu mpaka uso wenyewe unasahau kucheka. Akifika mlangoni, miguu inaganda. Kichwa kinataka, mwili hautaki, anabaki ameshika fremu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa nyumbani kwake mwenyewe. Mama Sindano aligundua kwamba ukimwekea kitu cha kuvuka, anavuka. Basi akakata mabaki ya maovaroli, akayabandika moja baada ya jingine, na mumewe akawa anayaruka moja moja mpaka kitini. Akishakaa, amekaa. Hapepesi macho. Sauti nayo ilibaki pumzi tupu. Ili umsikie ulilazimika kuinama mpaka sikio liguse midomo yake, na hata hapo uliambulia neno moja, mengine yalipotelea kifuani.

Huyu ndiye waendesha baiskeli waliyemwita Mafuta. Alikuwa mwembamba kama ufagio, kwa hiyo mgeni akilisikia jina alidhani anataniwa. Hakutaniwa. Tusimtilie chumvi: ujanani hakushinda mashindano mengi, na wenye kifua kumpita walikuwepo tele. Lakini hakuna aliyezungusha pedali kama yeye. Kiuno kimetulia, mabega yamelegea, magoti yanapanda na kushuka karibu na bomba la fremu bila kwenda pembeni hata kidogo, kisigino kinacheza tu pale kinapohitajika. Wenzake walikanyaga, yeye alizungusha. Mnyororo wake haukulia. Watu walitoka milangoni kumtazama akipita mazoezini, na wapo walioapa kwamba hawakumsikia akija, walishtukia upepo tu. Mama Sindano mwenyewe aliolewa kwa sababu ya miguu ile, na hakuona haya kulisema.

Aliyeleta mambo ni fundi wa baiskeli, rafiki wa Mafuta tangu ujana, mtu wa maneno mengi na vidole vyeusi. Alifika asubuhi moja akiwa na ile baiskeli ya zamani ya mbio, ameisafisha mpaka inang'aa.

"Shemeji, daktari si alisema mazoezi? Mimi huyu namjua zoezi moja tu."

"Una wazimu wewe. Mtu anashindwa kuvuka mlango, ataweza baiskeli?"

"Mlango hajaufanyia mazoezi. Baiskeli kaifanyia."

Mafuta alikuwa kitini, anatazama mbele. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga goti. Mama Sindano alikiona kile kidole, akaenda kuvaa viatu.

Walimpeleka kwenye barabara inayozunguka kiwanda cha saruji kilichofungwa. Ni barabara nzuri, tambarare, na gari halipiti tena. Ukuta wa kiwanda ni mrefu na hauna dirisha, na vumbi jeupe hukaa hewani pale hata kama hakuna upepo. Walimbeba, wakamketisha juu ya tandiko, wakamnasisha viatu kwenye pedali. Viatu vya mbio vina kufuli chini ya soli. Kutoka ni lazima uzungushe kisigino kwa nje, na hilo Mafuta hakuliweza tena. Akinaswa, amenaswa. Fundi akashika tandiko, akasukuma.

Mama Sindano alifumba macho akisubiri kishindo. Hakikuja. Hakikuja kitu chochote, na ukimya ule ndio uliomfumbua macho.

Mumewe alikuwa anakwenda. Si kwa kuyumba, si kwa kubahatisha. Alikwenda vilevile kama zamani, mgongo umelala, miguu inazunguka kana kwamba haikuwahi kumjua yule mtu wa kitini. Alipotelea nyuma ya ukuta. Kisha, baada ya kitambo, akatokea upande wa pili katika vumbi, bila sauti, na uso wake ulikuwa hai. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anapepesa macho. Mama Sindano alimwita kwa jina ambalo humwita wakiwa wawili tu. Hakugeuka. Alipita karibu kabisa naye, kama anavyokupita mtu asiyekujua, akaenda zake.

Nywele zilimsimama. Alitaka kufurahi, lakini hofu ilitangulia.

"Simama njiani, shemeji!" fundi alipiga kelele kutoka nyuma, anakanyaga baiskeli yake kwa jasho. "Inua mkono, atafunga breki! Mshike!"

Alisimama kwenye kona ya mwisho, akainua mkono. Mafuta alifunga breki, baiskeli ikaja polepole mpaka mikononi mwake, naye akamkumbatia mumewe na baiskeli kwa pamoja. Hapo ndipo aliposikia kwa mikono yake mwenyewe jinsi mwili unavyokufa ganzi: kwanza mabega, kisha mgongo, kisha shingo. Tabasamu lilibaki kidogo, halafu likaondoka. Alimpokea mzima, akajikuta amekumbatia mgonjwa.

Tangu hapo ikawa desturi yao ya asubuhi za mwisho wa wiki. Fundi anasukuma, kisha anamfuata nyuma. Mama Sindano anasimama kwenye kona. Akiona jasho limezidi, anaingia njiani na kuinua mkono, na mambo yanaishia hapo. Daktari alisifu. Majirani walisema si bure, kuna kitu kimempanda. Mama Sindano aliwajibu kwamba kama kipo kinachompanda basi kimsaidie na kuosha vyombo.

Lakini nyumbani, peke yake na cherehani, hakuwa na utani. Mchana mmoja mumewe alisinzia kitini. Mshonaji alikuwa anakata uzi kwa meno aliposikia mchakacho mdogo sakafuni. Akatazama. Nyayo za mumewe zilikuwa zinazunguka, taratibu, kulia na kushoto, visigino vikiinuka kwa zamu, na mdomo ulikuwa unasema na mtu. Alikuwa na sauti. Hakuyashika maneno, ila sauti ilikuwa ileile ya zamani, nzito na yenye kicheko ndani yake. Akasogea kwa kunyata. Alipomgusa bega, nyayo zilisimama papo hapo, macho yakafunguka, na yule aliyekuwa anaongea hakuwepo tena.

Kuanzia siku hiyo alitega sikio kule kiwandani, na kweli, akaisikia. Nyuma ya ukuta, kabla hawajatokeza, mumewe alikuwa anaongea na fundi. Anaongea vizuri kabisa, anatania, anacheka. Wakifika kwenye kona, kimya.

"Huwa mnaongea nini?" alimuuliza fundi.

"Aah, shemeji. Mambo ya barabarani tu."

"Yapi?"

Fundi akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Iliuma. Ingekuwa ni mwanamke anayemwibia mume, angejua la kufanya. Amewahi kuwashonea wanawake wenye kesi hizo, na ushauri wao anaukumbuka. Lakini huyu mwizi alikuwa barabara. Daktari alishamwambia bila kumficha kwamba ugonjwa ungeikaza miguu hata juu ya pedali, kwamba siku ingekuja hata baiskeli ingekataa. Sauti ile ingezimika bila kumwambia yeye hata neno moja. Hicho ndicho kilichomkosesha usingizi: hakutaka mengi, alitaka mumewe aongee naye mara moja tu, kabla mlango haujafungwa.

Basi akapiga moyo konde. Alijishonea suruali ya kitambaa cha maovaroli, akamwendea fundi, akasema nifundishe. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, na umri wake si wa kuanguka anguka. Alianguka. Alichubuka viwiko, akaingia ukutani, akamtukana fundi matusi ambayo sitayaandika hapa. Kuachia usukani hata kwa mkono mmoja hakuweza. Fundi alimwambia ainue mkono kuashiria, akaanguka kwenye mtaro. Ila miguu ya cherehani haichoki haraka, na mwishowe aliweza kwenda mbele bila kufa.

Wakapanga. Fundi angemsukuma Mafuta kama kawaida, kisha atembee mpaka kwenye kona ya mwisho na kusimama mahali pa shemeji, tayari kumdaka. Mama Sindano angesubiri mbele, juu ya baiskeli, na kuingia barabarani mumewe akipita.

Asubuhi hiyo vumbi lilikuwa zito. Hakumsikia akija, aliona tu gurudumu ubavuni, kisha goti, kisha uso. Akakanyaga kwa nguvu zote kumfuata, roho juu, mpaka wakawa sambamba. Shingo ya Mafuta haikugeuka, maana haikuwa ikigeuka siku hizi. Alikuwa anatazama mbele.

"Wewe ni mgeni," alisema. Sauti nzima, karibu na sikio lake. Mama Sindano nusura aanguke. "Nasikia unavyokanyaga. Pedali si mdudu, usiiponde."

Aliendelea kuiponda, anahema.

"Zungusha. Mguu ukifika chini, vuta nyuma kama unafuta tope kwenye soli. Halafu unapopanda, uwe mwepesi, usimlemee mwenzake. Shusha mabega."

Alivuta nyuma. Alishusha mabega. Mnyororo wake uliokuwa unalalamika ukapunguza kelele, na kwa mara ya kwanza baiskeli ikamkubali.

"Naam. Sasa umeanza kuelewa."

Walikwenda hivyo kando ya ukuta mrefu. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Angeweza kusema ni mimi. Neno lilikuwa mdomoni.

"Kuna kona kule mbele," Mafuta alisema. "Huwa kuna mama anasubiri."

"Mama gani?" Sauti ilimtoka kwa mkwaruzo, hata yeye mwenyewe hakuitambua.

"Mke wangu. Mtu mwema sana. Hajanitendea baya hata siku moja. Lakini nikimwona pale, mwili wote unaingia baridi. Akinishika tu, nazimika. Nasikia kila kitu, naona kila kitu, ila siwezi kutoka. Ni kama kuzikwa mzima, na anayekufukia anakupapasa mgongo."

Ukuta ulipita. Vumbi likapita.

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje? Nikiwa naye sina sauti."

Alitaka kulia kwa nguvu, alitaka kumsukuma aanguke, alitaka kumbusu. Miguu iliendelea kuzunguka yenyewe. Kona ilikuwa inakaribia. Fundi alikuwa amesimama pale, mguu mmoja tayari njiani, mkono unaanza kuinuka kama walivyokubaliana.

Mama Sindano aliachia usukani. Mkono mmoja, wa kushoto. Baiskeli ilitikisika, ikatulia, na kwa mkono ule akampungia fundi: toka, ondoka, rudi nyuma. Fundi alimkodolea macho. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akashusha mkono wake.

Walipita kona bila kupunguza mwendo.

"Leo hayupo," Mafuta alisema, na akacheka. Alicheka kile kicheko chenyewe, cha tumboni, ambacho mkewe alikuwa ameshakikalia matanga.

"Hayupo," alisema Mama Sindano.

Alijua miguu ile ingechoka. Alijua kwamba lazima mtu amshike mwishoni, na kwamba mikono hiyo ingekuwa yake, leo na kila siku, na sasa angekuwa anajua anachokifanya.

"Basi tuzunguke tena," mumewe alisema, "kabla hajaja."

Mama Sindano akavuta mguu nyuma, akashusha mabega, akakaa ubavuni mwake.