Medali ya Agata

Juzi niliona majina ya washindi yamebandikwa ukutani shuleni kwa mjukuu wangu, na hasira ya zamani ikanirudia.

Alasiri ile ya utoto wangu, kule Kasongo, masera, mtawa wa Kizungu, alitusomea matokeo uani mwa shule ya misheni, akinukia sabuni na kafuri. Mama alikuwa ametembea siku tatu kutoka Kabambare aje kusikia jina langu, Zaituni wake. Sisi ni Waislamu. Masera alikuwa amenibatiza bila kuuliza kwetu, nami nilidhani jina la shule ni kama sare, unalivua ukirudi nyumbani. Yeye alijua alichofanya. Sijamsamehe, wala sina mpango.

"Wa kwanza, Agata!"

Mama alipiga makofi kuliko wote. "Huyu Agata ni mutoto ya nani?" akamuuliza jirani yake.

Sikuinuka. Masera akanivuta sikio hadi mbele, akanibandika medali ya msalaba kifuani. Makofi ya Mama yakakatika.

Njiani hakunigombeza. Tulipofika mtoni aliweka kitunga chini bila kunitazama.

"Agata," alisema, "beba."

Mpaka tunamzika, hakuniita tena Zaituni.