Kauli ya Fundi Keraryo

Gari lilifika limelala kona ya nyuma kushoto, na fundi Keraryo hakuinama hata kuchungulia. "Puto limekufa," alisema. Ndivyo alivyo huyu bwana: miaka ishirini na mitatu pale Kabasa, Bunda, na kauli yake hairudi nyuma. Magari haya yanayobebwa na maputo ya upepo yakimjia yamelala, dawa yake ni moja tu: ng'oa maputo yote manne, funga springi za chuma. Mteja anaondoka anashukuru.

Mwenye gari alikuwa Mwalimu Susana, mstaafu aliyeumia mgongo kwa ajali ya bodaboda. Wanawe walimnunulia gari hilo kwa ulaini wake, ili kila Jumamosi aweze kwenda Butiama kumwona mama yake asiyetoka kitandani. Kwa springi za chuma, na ile njia ya makorongo ya kuingia kwao, safari hizo zingekuwa basi tena. Alilijua hilo, na bado akasema, "Ukishasema wewe, Keraryo, mimi nibishe nini? Ng'oa." Akaondoka polepole, mkono kiunoni.

Kuuona mkono ule kiunoni kulimuuma Keraryo kuliko angetaka kukiri. Spana alikuwa nayo tayari. Akaiweka chini, akalimwagia puto maji ya sabuni. Halikutoa povu hata moja. Akajaza upepo kwa pampu, gari likiwa limezimwa, akaenda kunywa uji. Aliporudi kona ilikuwa imesimama vilevile. Akawasha gari. Kona ikashuka taratibu mbele ya macho yake. Loo! Puto lililotoboka lina haja gani ya kusubiri gari liwashwe? Kosa lilikuwa kwenye umeme, na umeme Keraryo hakuujua.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Shija, fundi umeme, ambaye Keraryo alizoea kumwita "fundi wa kubonyeza" mbele za watu. Na kwa mafundi wa pale, kumwita mwenzako kwenye gari ulilokwisha kulitolea kauli ni kujivua nguo sokoni. Keraryo alisimama ukingoni mwa lami mpaka mabasi mawili ya Mwanza yakapita. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Kisha akavuka.

"Shija, njoo unitazamie kitu."

"Mimi, mzee? Wa kubonyeza?" Shija alicheka, lakini kompyuta yake alikuwa ameshaibeba.

Wakainua kona kwa jeki, wakaishusha. Kwenye kioo cha kompyuta ya Shija, namba ya kona ile haikutikisika. "Kuna sensa ya kimo hapa," Shija alieleza. "Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kona iko juu kiasi gani. Hii inasema iko juu sana, siku zote. Kompyuta inaamini, inatoa upepo."

Keraryo alijilaza chini ya gari, akachomoa plagi ya sensa. Ndani mlijaa kutu ya kijani na mchanga wa ziwa. Mwalimu alikuwa akioshea gari ufukweni Guta, magurudumu ndani ya maji, kama nusu ya Bunda inavyofanya. Wakasafisha plagi, namba bado imeganda. Wakafunga hapo sensa ya upande wa kulia, namba ikacheza.

"Umepona, mzee," Shija alisema.

Keraryo hakutoka chini ya gari haraka. Alikuwa anamfikiria mzee Elias wa huko huko Guta, anayeosha gari pale pale. Mwaka jana alimng'olea maputo yote manne. Siku hizi mzee yule hupanda gari lake akiwa amekunja uso, na kila wakikutana humwombea Keraryo baraka.

Jioni Mwalimu Susana alikuta gari bado lina maputo yake, linasubiri sensa mpya tu. Alipiga vigelegele. "Ndiyo maana siendagi kwa fundi mwingine!"

"Mshukuru Shija, Mwalimu. Mimi nilikuwa nakung'olea bure. Sikuwa nimepima."

Furaha ilimpungua Mwalimu Susana usoni. "Na wale wengine wote, Keraryo? Wangapi walikuwa na kosa kama langu?"

"Sijui, Mwalimu," Keraryo alisema. "Nilikuwaga sipimi."