Ng'ombe Ambao Baba Aliiachia Shule

Kwetu mzee akiona siku zake zinaisha, huwaita watu wake na kugawa mifugo. Baba alipofika hapo, alimwonyesha mama mtamba mmoja mwekundu, akasema huyu ni wa shule. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Shule yetu, iliyo kati ya Kitengela na Kajiado, ni ya zamani kuliko lami inayopita mbele yake, na imelelewa na ng'ombe wa marehemu. Majike wanabaki kuzaa, madume wanauzwa, na pesa zinawalipia karo wasichana wa bweni ambao kwao hakuna kitu.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, jike wa ukoo wa ng'ombe aliyeachwa na marehemu hauzwi mpaka familia yake ikubali. Ya pili ilitungwa na baba mwenyewe alipokuwa mwenyekiti wa kamati ya mifugo: msichana asijue analipiwa na ng'ombe wa nani, na familia isiambiwe inamlipia nani. Zamani wasichana walitaniwa kwenye foleni ya chakula kwamba wao ni watoto wa ng'ombe ya fulani, na baba hakutaka mtu aje kumshukuru. Nilimpenda sana kwa hilo. Siku hizi naona kilikuwa kiburi chenye adabu, na nimemkasirikia, kama inawezekana kumkasirikia marehemu.

Mimi ni mwalimu hapo, na nilikuwa kwenye kamati, kwa hiyo nilijua. Ng'ombe wa baba walikuwa wanamlipia msichana wa kidato cha tatu, mwanafunzi wangu wa Bayolojia. Kengele ya chakula ikilia yeye ndio kwanza anauliza maswali. Nikimfukuza akale, ananifuata hadi mlangoni na swali lingine kuhusu figo.

Halafu mvua ikakosa, msimu uliofuata ikakosa tena. Mahali ambapo ng'ombe wa shule walikuwa wakila pamekatwa ploti, kuta za mawe kila upande. Nyasi pekee zilikuwa za uwanja wa mpira, nazo ziliisha upesi. Mwalimu mkuu, mtu wa Murang'a ambaye hajui kuzungushazungusha maneno, akasema tuuze wote wakiwa bado na nyama, pesa ziwekwe benki, wasichana waliopo wamalize. Familia zote zikajibu kitu kimoja: nyumba ya mwenyekiti ikikubali, na sisi tumekubali.

Kwa hiyo tukaenda kwa mama.

"Takwenya, mama," mwalimu mkuu akamsalimu.

"Iko."

"Hii kiangazi si ya mchezo. Tukiuza saa hii tunapata kitu. Tukingoja, tutauza ngozi."

Mama alitazama boma letu. Lilikuwa tupu, ng'ombe wa nyumbani walikuwa wameshakufa wote.

"Zangu zimeisha," akasema. "Zimebaki hizo za mzee. Mkiuza, mimi nitaangalia nini?"

"Lakini ni za shule, yeyo," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Najua ni za shule. Kwani shule imezikataa?"

Kwake yeye shule ilikuwa mabati na kengele. Kila siku ya wafadhili alikalishwa mbele, akavishwa shuka mpya, akapewa soda, akasikiliza hotuba ndefu kuhusu moyo wa kutoa. Miaka hiyo yote hakuonyeshwa msichana hata mmoja. Nilikuwa na jina mdomoni. Mwalimu mkuu akanikazia macho, nikalimeza, kwa sababu sheria ilikuwa ya baba na mimi ni mtoto wake. Tukanywa chai, tukaondoka.

Tukasikia kwamba upande wa Illasit kuna mabua ya mahindi. Wachungaji wakaswaga kundi kwenda huko. Wengi walianguka njiani. Hapo mama akakubali, na waliobaki tukawapakia kwenye lori hadi soko la Kiserian, wakashushwa kwa kuinuliwa mikia, na wanunuzi wakawapita wakienda kuangalia mbuzi. Mmoja alituuliza kama tunalipa watu watusaidie kuwatoa hapo. Nililia mbele ya wanaume wazima na sikuona haya.

Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani. Wakanitumia mikono ya maombi, mingi, ya kila rangi. Mmoja akasema yeye alikuwa amejipanga kujenga geti, lenye jina la marehemu mama yake juu, na hawezi kubadilisha. Sijawahi kuchukia watu wema kama wiki hiyo.

Mwalimu mkuu akaziita familia kuziambia kwamba kundi limeisha. Mama alifika mapema, mimi na mwalimu mkuu tukakaa naye kwenye benchi nje ya ofisi. Msichana wangu wa Bayolojia akapita anaburuta sanduku la bati. Alipomwona mama akaliachilia, akaja akainamisha kichwa kama watoto wetu wanavyowasalimu wakubwa, na mama akamgusa utosini.

"Unaenda wapi na sanduku na shule haijafungwa?"

"Nyumbani, yeyo. Ng'ombe iliyokuwa inanilipia imekufa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Hatuambiwangi."

Akaliinua sanduku lake akaenda. Mama alimtazama hadi akapotea nyuma ya ukuta wa jirani, kisha akamgeukia mwalimu mkuu. Hapakuwa tena na kitu cha kuficha.

"Zilikuwa za mzee wako, mama," akamwambia.

Mama na mimi huongea Kimaasai. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, ili mimi na mwalimu mkuu sote tusikie.

"Mlikuja kuniuliza ng'ombe," akasema. "Hakuna mtu aliniuliza mtoto."