Vyuma vya Bure Karibu na Kambi

Nakumbuka asubuhi moja wakati wa vita, mwanangu, miguu yangu ilikataa kabisa kukaa nyumbani. Shule ilikuwa imefungwa. Barabara ya Beni ilifunguliwa leo, kesho ikafungwa, na waasi waliotawala mji walipita na bunduki zao kana kwamba Butembo wamejengewa na baba zao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilizunguka uani mpaka mama akaniambia nitatoboa ardhi. Basi nikaamua kutafuta mahali pa kufanya sport, niinue vyuma, nichoke, nilale kama mtu. Wewe juzi uliniuliza ni jimu gani nzuri hapa mtaani kwetu Vulamba, nami nikakujibu vibaya, nikakuambia ukate kuni. Nisamehe. Weka hiyo simu chini, nikujibu vizuri.

Nilikuwa na rafiki, Kambale, fundi wa matofali. Kaka yake mkubwa alishakufa, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlisha mama yake, Mama Katungu, mjane aliyeuza maharage sokoni. Kambale hakutaka kwenda popote. Aliniambia, "Miye ninabebaka matofali siku muzima, Paluku. Vyuma ni vya kufanya nini tena?" Nilimcheka. Nilimwambia ana mgongo wa punda na kifua cha kuku. Alikuja kwa sababu nilimcheka, na hilo nalijua mpaka leo.

Tulizunguka mtaa siku mbili. Mahali pa kwanza palikuwa nyuma ya gereji ya mzee mmoja, Papa Muhindo. Vyuma vyake vilikuwa ekseli ya lori iliyokufa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojazwa simenti. Vijana wa mtaa walikuwa pale, wengine tumesoma nao. Papa Muhindo hakutaka pesa. Alisema, "Hapa kila mutu analeta bidoni moja ya mayi, anatoa kule ku chemchem. Donc kama haulete mayi, hauguse chuma." Mimi, kijana mzima, nipande kilima na bidoni, dumu zima la maji, wasichana wananiangalia? Kuchota maji ilikuwa kazi ya dada zetu. Nikamvuta Kambale tukaondoka.

Mahali pa pili palikuwa uani mwa kanisa la Waprotestanti. Pale walitaka kwanza uimbe nao na usikilize neno, halafu ndiyo uruke kamba. Sisi tulikuwa Wakatoliki, tena mimi nilikuwa na haraka. Haraka ya kwenda wapi, usiniulize. Wakati ule kila kitu kilinichelewesha.

Mahali pa tatu tuliambiwa na mtu njiani. Nyumba yenye ukuta, karibu na kambi ya wale waasi. Ndani kulikuwa na vyuma vya kweli, vimetoka ng'ambo, vinang'aa, na kitanda cha kulalia ukisukuma. Hakuna maji, hakuna wimbo. Mtu aliyetupokea alikuwa amevaa kiraia, anacheka vizuri, anaongea Kiswahili chenye Lingala nyingi. Alisema tu, "Bandeko, ndugu zangu, ingieni. Ni bure."

Sasa nisikilize hapa. Sisi watu wa Butembo tunajulikana Kongo nzima kwa biashara. Hata chumvi tunauliza bei kwa watu watatu kabla ya kununua, na tukishanunua bado tunauliza wa nne. Lakini siku ile niliposikia bure, mdomo wangu ulifungwa. Sikuuliza nyumba ni ya nani. Sikuuliza vijana waliokuja kabla yetu wako wapi. Nilikamata chuma.

Tulifanya pale majuma sita hivi. Kila Jumamosi yule mtu alichukua kamba yenye mafundo akatupima mikono na kifua, akaandika kwenye karatasi. Nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikimwonyesha mama mkono wangu. Kambale naye alianza kupenda, akawa ananitangulia. Mara ya mwisho alinipita kwa fundo moja zima, nikamkasirikia kutwa nzima.

Jumatatu iliyofuata baba alinituma bondeni kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, Kambale akatangulia peke yake. Nilinung'unika njia nzima. Nilipofika kwenye ile nyumba saa nne, mlango ulikuwa na kufuli. Mama mmoja aliyeuza ndizi ng'ambo ya barabara aliniangalia, akashusha macho. "Bale ba nguvu bote bamepandishwa mu camion, mu lori," akasema. "Banaenda kubeba masanduku ya masasi ya bunduki, huko mbele ya Oicha, kupita Beni. Weye rudi kwenu, usisimame hapa."

Nilikwenda kwa Mama Katungu. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, nikayaacha, nikamwambia yote yalivyokuwa. Alinisikiliza akichambua maharage, mikono yake haikusimama. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Weye njo ulimupeleka?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na haukuuliza pale ni pa nani?"

Nikasema hapana.

"Mutoto wangu akinunua hata sabuni, anauliza. Weye ulimupeleka mwenyewe muzima, na haukuuliza." Laiti angenipiga.

Mwanangu, miezi miwili sikukaa. Kila lori lililotoka upande wa Beni nilikimbia barabarani kuangalia nyuso. Watu wengine walirudi, nikawauliza habari za Kambale, wakasema hawamjui. Niliogopa kupita sokoni, na nikipita niliogopa zaidi Mama Katungu aniulize kama nimesikia habari. Hakuwahi kuniuliza. Alinipimia maharage kama mteja yeyote.

Kambale alirudi kwa miguu, amekonda, bega la kulia limeshuka. Sanduku lilimwangukia mtoni, wakampiga ainuke nalo hivyo hivyo. Bega halikupona, na tofali hakujenga tena. Siku niliyokwenda kumwomba msamaha alinikatiza. "Ile kamba ya kutupima," alisema, "miye nilikuwa nafikiri yule mutu anatupenda." Nililia mbele yake kama mtoto, sikuona haya.

Leo ana mvi nyingi kuliko mimi, na mkono ule hauinuki kupita sikio. Kila Jumapili kabla ya misa napita kwake nimvalishe koti. Hanishukuru, nami sitaki anishukuru.

Basi jibu langu ni hili. Fanya mazoezi, sikukatazi, najua miguu isiyotulia inavyotesa. Lakini usichague kwa kung'aa kwa chuma. Uliza mahali ni pa nani. Uliza anakula nini yule asiyekudai kitu. Watafute waliofanya pale mwaka jana, uwaone kwa macho. Wakikuambia ulete bidoni ya maji, lete, unajua umelipa nini. Na ukimvuta mwenzako, jua umechukua mtoto wa mama fulani mkononi mwako, uulize mara mbili, kwa ajili yako na kwa ajili yake.

Nenda sasa. Mungu akulindie mabega yote mawili, akupe nguvu ambazo hakuna mtu atakayekuja kuzichukua, na mama yako akuone ukirudi kila jioni.