Bega la Nne

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, mwanangu, hapa hapa mtaani kwetu Jabe. Mafuta ya gari yalikuwa yamekosekana mjini, na dada yangu Esperance alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Mkunga wa mtaa akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi.

Siku zile wagonjwa tuliwabeba kwa ingobyi, machela ya mianzi ya babu zetu. Kila nyumba ilitoa bega kwa zamu, wala hakuna aliyelipwa. Mabega yanatakiwa manne. Tulikuja watatu. Wa nne alikuwa jirani yetu Gaspard, mshona viatu, na jina lake nalitaja kwa sababu yu hai na anajijua.

Nikamwita mlangoni kwake. "Gaspard, twende! Dada anakwisha!"

"Apana, ndugu yangu, mugongo inaniuma tangu jana. Mutangulie, mi nitawakuta."

"Mugongo gani? Jana si ulikuwa unacheza mupira?"

Hakutukuta. Mzee Ramadhani, fundi baiskeli mwenye mvi hadi kwenye nyusi, akaingiza bega lake mahali pa kijana. Tulipumzika mara kwa mara, maana mzee alihema sana. Esperance alipona. Mtoto hakupona, daktari alisema tumechelewa kidogo tu. Na mchana huohuo Gaspard alionekana sokoni amejitwika gunia la mchele! Wahenga hawakukosea: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mvua za mwaka ule hazijaisha, mama yake Gaspard akashikwa na malaria, ikampanda kichwani. Zamu ikawa yangu.

"Mi sibebi," nikamwambia Mzee Ramadhani. "Abebe mutoto wake."

Mzee akaniangalia kwa upole. "We kijana, unajua kutegea ni nini? Mutu akitegea, muzigo haibaki chini. Inahamia ku bega ya mwenzake. Ya kwako itakuja kwangu, na mi nimezeeka. Gaspard ameshategea. Sasa munataka kuwa wawili?"

Nilibeba. Gaspard alikuwa upande wa pili, haniangalii usoni. Mama yake alipona. Mwanawe sijamsamehe, sikufichi, lakini nilibeba.

Basi, mwanangu, ukisikia mtu anaitwa mtegeaji, usidhani ni mvivu tu. Mvivu hulala, kazi yake ikamsubiri. Mtegeaji anajua kuna mwingine atakayeifanya, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Zamu yako ikifika, toka nje kabla hujaitwa. Kama kweli unaumwa, sema mapema, watu watafute mwingine. Na usimtegee hata aliyekutegea, maana anayeumia si yeye.

Mungu akupe nguvu na afya, akuweke kati ya majirani wanaoitika wakiitwa, na wewe uwe mmoja wao. Amina.